Maji Yamelingana

Hakuna ngazi iliyojengwa na Orrin Hofland ikalia. Nenda nyumba yoyote ya mji wetu wa Ostby, hapa kaskazini mwa jimbo la Iowa, Marekani, panda, shuka, ruka ukitaka. Kama ngazi ni za Orrin, hutasikia kitu. Mimi nimekaa jirani naye tangu nilipoolewa, dirisha la jiko langu linatazamana na ukuta wake wa nyuma, na miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akitoka bila pima maji. Wanaume wengine huchomeka sigara mfukoni. Yeye alichomeka kile kipande kifupi cha mbao chenye kichupa cha maji katikati. Akija kwako kunywa kahawa, mazungumzo yakipoa kidogo, utamwona anakitoa, anakilaza juu ya meza, anainama na kufumba jicho moja.

"Twyla," aliniambia siku moja, "meza yako imelala kushoto."

"Iache ilale, imechoka."

"Unanifanyia mzaha. Maji hayasemi uongo."

Huo ndio uliokuwa usemi wake. Alimwambia mchungaji kuhusu madhabahu, akamwambia mkwewe kuhusu kibaraza, na nasikia aliwaambia hata wauguzi siku binti yake Janelle alipozaliwa, kwa sababu kitanda cha hospitali kilikuwa kimeinama. Watu walimcheka, lakini walipotaka kabati lisilofunguka lenyewe walimwita yeye.

Nyumba yake aliijenga mwenyewe, mwaka aliomwoa Arlys. Alichimba chumba cha chini kama tunavyochimba sote, maana kimbunga kikija hakuna pengine pa kukimbilia, na viazi na mitungi ya matango lazima vikae mahali. Humo akaweka hita ya kupasha nyumba joto, mashine ya kufulia na ya kukaushia nguo, na kwenye kona yenye taa nzuri akaweka cherehani ya Arlys. Arlys alikuwa mshonaji wa mifarishi, yale mablanketi ya kuunganishwa kwa vipande vya vitambaa. Hakuna mtoto aliyebatizwa kanisani kwetu asiyefunikwa na kazi ya mikono yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka, hakuvuta sigara maisha yake yote na hakuruhusu mtu avute hata kibarazani kwake. Orrin alimpenda kwa namna ya wanaume wa kwetu, yaani hakusema, alijenga. Akitaka kuomba msamaha utaona rafu mpya ukutani.

Ardhi yetu ni nyeusi, nono, mahindi yanaota mpaka mtu anaona haya. Lakini ardhi hiyohiyo inatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, radoni, inayopenya kwenye nyufa za sakafu na kutuama katika vyumba vya chini. Mtu akiivuta miaka mingi inamla mapafu. Hilo tunalijua sote. Kulijua kwetu ni kama tunavyojua kwamba tutakufa: tunaitikia kwa kichwa, tunaongeza kahawa.

Wakati mmoja wa baridi kanisa liligawa vikopo vya kupimia gesi hiyo. Cha Orrin kilirudi na kiwango zaidi ya mara tatu ya kinachovumilika. Janelle, anayekaa Minneapolis, alipiga simu akilia. "Mama anashinda kule chini kutwa nzima, baba! Fanya kitu!"

Dawa yake si siri. Unatoboa sakafu ya zege, unachomeka bomba, unalipeleka nje, unafunga feni inayonyonya gesi kutoka chini ya nyumba na kuitupa juu ya paa. Wako mafundi wanaofanya kazi hiyo tu. Orrin hakutaka kuwasikia. Mtu aliyejenga nyumba kwa mikono yake amwite mgeni aje kuitoboa? Aliagiza vifaa, vikaja ndani ya sanduku, na karatasi ya maelekezo akawashia jiko la kuni la kwenye karakana yake.

Swali likabaki moja: feni ikae wapi?

Tulikuwa watatu tumesimama uani, mimi nimeshika kikombe, Orrin ameshika futi, Arlys amejikunyata ndani ya koti.

"Pale mbele, karibu na mlango, ndiyo njia fupi," alisema Orrin.

"Mbele?" Arlys alishtuka. "Baba Janelle, mbele ndiko watu wanakopita kwenda kanisani! Waone bomba jeupe limepanda ukutani, waseme kwa akina Hofland kuna nini?"

"Watasema kuna bomba."

"Watasema nyumba ina sumu."

"Si ina sumu kweli?" nilimuuliza.

"Ndiyo, mwenzangu, lakini si lazima itangazwe."

Msimcheke. Sisi watu wa Ostby ndivyo tulivyo. Tuko radhi kufa, mradi tusisumbue macho ya jirani. Upande wa mashariki Arlys alikuwa na maua yake, akakataa yasikanyagwe. Magharibi kuna kibaraza. Ukabaki ukuta wa nyuma, unaotazama jiko langu, na ukuta huo tayari ulikuwa na tundu la kutolea hewa ya mashine ya kukaushia nguo. Orrin alifurahi. Vitu vya kuficha vikae pamoja. Akaifunga feni juu kidogo ya tundu lile, bomba limenyooka kwa timazi mpaka juu ya paa, akalipaka rangi ya ukuta. Ilikuwa kazi safi. Ungeweza kupita pale usiione.

Duane Ketelsen, fundi wetu wa hita, alikuja wiki ileile kusafisha hita yangu. Kijana huyo, yaani mimi namwita kijana, ana wajukuu, alisimama jikoni kwangu akatazama nje ya dirisha, akaweka chini bisibisi, akatoka. Nikamfuata, maana umbea nao ni kazi.

"Mzee Orrin, nani kakuwekea hiyo feni hapo?"

"Aliyeijenga nyumba."

"Hapo si pake, mzee. Ona, ukikausha nguo, mvuke wote na nyuzi za nguo zinapanda moja kwa moja kwenye feni. Wakati wa baridi utaganda. Utaiua hiyo."

"Nguo za watu wawili, Duane. Mvuke kiasi gani?"

"Wa kutosha."

"Wewe shika hita zako. Mimi nilikuwa natoboa kuta wewe unanyonya kidole."

"Haya, mzee. Nimesema."

"Umesikika."

Sikio la kufa halisikii dawa, na masikio ya Orrin yalikuwa yamekwisha kuharibiwa na msumeno wa umeme. Alicheka, akampigapiga Duane begani, na Duane akaondoka akitikisa kichwa.

Feni ikawashwa. Vuli hiyo walipima tena, kiwango kikawa chini kabisa, Janelle akalia tena, safari hii kwa furaha. Arlys alilalamika kuhusu mvumo tu. "Kama nzi amefungiwa ndani ya kopo," alisema. Lakini kulikuwa na jambo lililomkera Orrin kuliko mvumo ambao yeye hakuusikia. Kwenye bomba, kule chini, kunakuwa na kimrija cha plastiki kilichopindwa kama kiatu cha farasi, kina maji mekundu ndani. Maji hayo ndiyo yanakuonyesha hali ya feni. Na maji ya Orrin yalikuwa kombo: upande mmoja yamepanda, upande wa pili yameshuka.

Fikiria mtu yule, aliyeishi maisha yake yote akitafuta maji yaliyotulia. Kila jioni alishuka kutazama kimrija, akapanda amekunja uso.

"Bado," alimwambia Arlys.

"Bado nini?"

"Bado inavuta. Kuna gesi nyingi kule chini. Ni kama masika, pampu inavyotoa maji shimoni. Inavuta, inavuta, mwisho shimo linakauka. Ngoja. Itaisha."

Kila nyumba ya kwetu ina pampu ya namna hiyo chini, na kila mwanamume wa kwetu ameketi kwenye ngazi mwezi wa Aprili akiitazama inavyofanya kazi mpaka sakafu ikauke. Kwa hiyo nani angembishia? Arlys aliitikia. Mimi nilipoambiwa niliona ina maana. Fundi aliyeisomea kazi hiyo angesema: gesi hii haiishi, mzee, ardhi inaizalisha kila siku ya Mungu, feni inatakiwa kuvuta mpaka nyumba ianguke. Lakini fundi huyo hakuitwa.

Januari baridi ikashuka, ile baridi ambayo mate yanaganda kabla hayajafika chini. Kutoka jikoni kwangu niliona mvuke wa nguo za akina Hofland ukipanda ukutani na kuacha ndevu za barafu kwenye feni. Asubuhi moja Orrin aligonga mlango wangu bila kofia, uso umemwiva.

"Twyla, njoo uone. Njoo, njoo!"

Nikavuka uani nikiteleza. Arlys alikuwa amesimama chini ya ngazi na chano cha keki ya mdalasini. Orrin alikuwa ametoa pima maji yake na kuishika mbele ya kimrija kama padri ameshika msalaba. Maji mekundu yalikuwa sawasawa, pande zote mbili, hata unywele usingepita.

"Tumeimaliza," alisema. "Imekauka."

"Na kelele nayo imeisha," alisema Arlys. "Nimelala kama mtoto."

"Hongera, mzee," nikasema, nikachukua keki.

Na hapo ndipo Orrin alipofanya jambo zuri kuliko yote aliyowahi kumfanyia mkewe. Kwa kuwa chumba cha chini sasa kilikuwa salama, alikitengeneza. Alipiga kuta mbao za msonobari, akatandika zulia, akaweka meza ndefu ya kukatia vitambaa kwa kimo cha Arlys hasa, na rafu za kila rangi ya uzi. Akaweka na kitanda, kwa siku za joto ambapo huku juu hakulaliki. Arlys, ambaye zamani alishinda kule saa chache za mchana, sasa alihamia. Alikunywa chai yake kule. Alisikiliza redio kule, alipokea wageni wake kule, na kiangazi chote alilala kule. Tulikuwa tunashuka wanawake wanne watano kushona naye, tunasifu chumba, na Arlys anajibu, "Mume wangu amenijengea ikulu."

Kila jioni Orrin alishuka, akatazama kimrija, akapaza sauti ya mtu asiyesikia vizuri:

"Mama! Maji yamelingana!"

"Asante, baba!"

Madirisha yakiwa wazi, nami niliwasikia. Nikajua ni saa ya kuweka viazi jikoni. Hivyo miaka ikapita, minane, tisa, sikumbuki vizuri. Walikuwa wazee wawili wenye furaha, na siwezi kusema vinginevyo.

Kikohozi kilianza wakati wa mavuno. Hapa wakati wa mavuno kila mtu anakohoa, vumbi la mahindi limejaa hewani, kwa hiyo hatukujali. Mahindi yakaisha kuvunwa, Arlys bado anakohoa. Siku alipotema damu kwenye kitambaa cheupe alichokuwa anakikata, Orrin alimbeba mpaka kwenye gari. Walirudi na lile neno ambalo sisi hatulitamki, tunasema "ile kitu". Ilikuwa kwenye mapafu yote mawili, na imekwishafika kwenye mifupa. Daktari alimuuliza Arlys mara tatu kama amewahi kuvuta sigara. Alichukia.

"Mara ya tatu nikamwambia, daktari mwanangu, mimi ni mlutheri wa Ostby, dhambi yangu kubwa ni siagi," alinisimulia, na sote wawili tukacheka mpaka akakosa pumzi. Nikaacha kucheka kabla yake.

Aliwekewa kitanda sebuleni, maana ngazi, hata zisizolia, hakuziweza tena. Orrin alikuwa anashuka kumletea vipande vya mfarishi aliokuwa anautengeneza, wa bluu na nyeupe, akimtafutia uzi anaoutaka. Jambo pekee lililompa nguvu lilikuwa kwamba yeye alikwisha kufanya wajibu wake. Aliniambia hivyo uani, bila mimi kumuuliza. "Angalau si ile gesi. Ile niliimaliza."

Wiki ya kwanza ya theluji hita yao ilizimika. Duane akaitwa. Mimi nilikuwa nimeleta supu ya kuku, nikashuka na Orrin kumwonyesha njia ya kupita kati ya vitambaa. Duane akaizungukia hita, akasimama. Hakuwa anaitazama hita. Alikuwa anatazama kimrija.

"Mzee," alisema, "feni yako imekufa lini?"

Orrin aliweka mkono nyuma ya sikio. "Unasema?"

"Feni! Imekufa lini?"

"Haijafa. Tazama maji. Yamelingana."

Duane alinitazama mimi. Nilimwona akitafuta mahali pa kupitia, kama mtu aliyeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Halafu akapaza sauti, maana bila kupaza asingesikika, na huo ndio ukatili wa kusema na kiziwi, habari ya kunong'ona inabidi uipige kelele.

"Mzee Orrin, yakilingana maana yake haivuti! Ikivuta yanakuwa kombo! Yanatakiwa yawe kombo!"

Kule juu Arlys alikohoa. Orrin alitoa pima maji mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Tangu lini yako hivi?" Duane akauliza, sasa kwa sauti ya chini, akiniuliza mimi.

"Tangu mwaka uleule," nikasema. "Januari ile."

"Yesu wangu."

Wakatoka nje. Niliwatazama kwenye theluji kupitia mlango wa nyuma. Duane alifungua kifuniko cha feni kwa shida, skrubu zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Ndani hapakuwa na feni, palikuwa na godoro. Nyuzi za nguo, zilizopandia kwenye mvuke, zikaganda, zikayeyuka, zikaota ukungu, zimejaa mpaka mwisho, rangi ya kijivu, na niliposogea nikaona humo ndani vijipande vya nyuzi za bluu za vitambaa vya Arlys. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nami sikutarajia kukiona kwa macho. Orrin aliitia mkono feni ile akatoa lile donge, akalifinya, likatoa maji. Alisimama nalo mkononi mpaka Duane akamshika kiwiko.

"Huenda si hili, mzee," Duane alisema. "Alishinda chini miaka mingi kabla ya feni. Huenda ilishaingia zamani. Hakuna anayeweza kujua."

"Kabla ya feni hakuwa analala kule," alisema Orrin. "Kitanda niliweka mimi."

Daktari naye aliulizwa, akasema kama Duane: hakuna anayeweza kujua. Watu waliosoma na wasiosoma wote wakampa Orrin neno hilohilo, naye hakulipokea. Nami nilikasirika, nakiri hasira hiyo bado ninayo, sijui nimkasirikie nani. Ardhi? Mashine ya nguo? Mwanamke aliyeona haya ya bomba? Mtu huwezi kumkasirikia Arlys.

Orrin aliagiza feni nyingine. Hakumruhusu Duane amfungie, lakini safari hii alimwita asimame pembeni aseme. Duane akasema, mbali na mvuke wowote, mbali na tundu la nguo na bomba la hita. Na Orrin akaiweka mbele. Karibu na mlango, kwenye njia ya kanisani, katika baridi ya kuvunja vidole, mzee wa umri ule juu ya ngazi ya kuegemeza. Bomba jeupe, na hakulipaka rangi.

Arlys alisikia drili.

"Unafanya nini huko mbele, baba Janelle?"

"Nahamisha bomba."

"Mbele? Watu watasema!"

"Waseme."

Alinigeukia mimi, macho makubwa katika uso uliokuwa umebaki kidogo. "Twyla, huyu mzee amepatwa na nini?"

"Uzee," nikasema.

Kwenye kimrija maji mekundu yakapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, kombo kabisa. Nyumba ikawa salama, na aliyekuwa wa kuokolewa amelala sebuleni na mrija wa oksijeni puani.

Jioni ya siku hiyo nilikuwepo, nakanda miguu ya Arlys. Orrin alishuka kutazama. Arlys akangoja. Ule mwito wa kila jioni haukuja.

"Orrin!" Arlys akaita kwa pumzi aliyokuwa nayo. Hakusikika. Akaniomba mimi niite. Nikaenda juu ya ngazi.

"Orrin! Anauliza maji!"

Alipanda polepole, bila ngazi kulia, akaja akasimama kando ya kitanda. Mimi nilimtazama usoni. Mtu yule, aliyekataa kumdanganya hata mchungaji kuhusu madhabahu, alilamba midomo.

"Yamelingana, mama," akasema.

"Ahaa." Arlys alifumba macho, akatabasamu. "Ulinijengea chumba kizuri. Nilikuwa salama kule."

Orrin akamfunika mabega kwa mfarishi wa bluu na nyeupe uliokuwa haujaisha, akaenda jikoni. Nilisikia bomba la maji limefunguliwa, likaachwa litiririke muda mrefu. Tangu siku hiyo Arlys aliuliza kila jioni, naye kila jioni alishuka, akapanda, akasema neno lilelile. Sikujua kama namchukia kwa uongo ule au namhurumia. Nilichojua ni kwamba nisingeweza kumshauri vinginevyo. Ungemwambia nini mwanamke yule?

Alikufa kabla theluji haijayeyuka. Tulimzika ardhi bado ngumu, wachimbaji walileta mashine. Baada ya mazishi tulikula mikate ya nyama na viazi vya kuoka katika ukumbi wa chini wa kanisa, tukanywa kahawa, tukamsifia Orrin mifarishi ya mkewe iliyotandikwa kwenye viti. Watu waliopita mbele ya nyumba yake waliona bomba. Hakuna aliyesema kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa hofu ya Arlys yote, na hakuna aliyesema kitu!

Wiki iliyofuata nilimpelekea Orrin bakuli la tambi na samaki. Huku juu hapakuwa na mtu. Nikashuka, nikamkuta kwenye kiti cha Arlys, mbele ya cherehani, taa imezimwa, mikono magotini.

"Orrin, ule."

"Nitakula."

Kulikuwa kimya mno. Nikageuka kwenye kimrija. Maji mekundu yalikuwa sawasawa pande zote mbili. Nikadhani feni mpya nayo imeharibika, mpaka nikaiona swichi yake ukutani: imeshushwa.

"Nani amezima?"

Nikaiwasha. Nje, mbele, mvumo ukaanza, na maji yakaenda kombo. Orrin aliyatazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyemwalika, akatazama pembeni. Kesho yake niliporudi swichi ilikuwa chini. Nikaiwasha. Kesho kutwa ilikuwa chini. Nilimpigia simu Janelle, akaja, akapiga magoti kwenye zulia lile, akamwambia, "Baba, twende kwangu." Orrin alimshika kichwa, akamwambia ngazi za kwake Minneapolis zinalia, hataweza kulala. Janelle akarudi peke yake. Mchungaji alikuja, na Duane pia, akakaa naye nusu siku, akaondoka macho mekundu, amewasha feni. Haikufika jioni ikazimwa.

Kitanda cha juu hakilaliwi tena, nimekitazama, shuka hazina mkunjo. Analala kule chini, kwenye kile alichomtengenezea.

Jana nilimpelekea mkate. Nilishuka na ngazi hazikulia, na kwa masikio yake asingenisikia hata zingelia, kwa hiyo nikasimama katikati nikamtazama. Feni ilikuwa kimya. Maji yamelingana. Orrin alikuwa amelaza ile pima maji yake juu ya meza ya kukatia, amejifunika mfarishi wa bluu na nyeupe, amefumba macho, na alikuwa anavuta pumzi ndefu, anaishikilia kifuani, anaiachia, kisha anavuta nyingine.